Kobe wa Bi Somoe na Udongo wa Mahame

Siku yangu ya kwanza kazini nilishika kobe tangu saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana, kwa sababu hakuna aliyeniambia nimweke chini.

Ulikuwa mwaka wa Uhuru, miezi michache kabla ya bendera kupandishwa. Nilikuwa nimefika Lindi jana yake kutoka Kilangala, nina darasa la nne, kaptula moja, na barua ya mwalimu wangu iliyosema kwamba mimi ni mwaminifu na sina maneno mengi. Hilo la pili lilikuwa kweli kupita kiasi. Mtu akinisalimu, nilijibu huku natazama vidole vya miguu yangu. Nilichukuliwa ofisi ya mifugo kuwa mfagizi, nikategemea kukuta ng'ombe. Ng'ombe hawakuwepo. Nyinyi mnajua, mbung'o, wale nzi wa malale wa huku kwetu, hawakutuachia ng'ombe wa kutosha kuitia ofisi kazi. Tuliishi kwa mbuzi, kuku, punda wawili wa mfanyabiashara mmoja, na kobe.

Vijana mliobaki kazini mnacheka mkisikia habari za kobe, ndiyo maana naandika. Wakati ule nyumba nyingi za mtaa wetu wa Mtanda na za mjini zilikuwa na kobe uani. Wengine waliamini anafukuza nyoka, wengine walimrithi kwa wazazi na hawakujua la kumfanyia isipokuwa kumrithisha. Kobe haombi kitu, hapigi kelele, na kwa sababu hiyo akiugua hakuna anayejua mpaka amekaribia kufa. Hapo ndipo alipoletwa kwetu, ndani ya kapu, mwenye kapu akiwa ameshakata tamaa.

Aliyenipa kobe wa siku ile ni Bwana Lipande, dresa wa ofisi, yaani msaidizi wa daktari wa mifugo. Alikuwa fundi cherehani kabla ya kuingia serikalini, na utepe wake wa kupimia hakuuacha. Alimpima kila kobe kifuani na mgongoni kama anayetaka kumshonea kanzu, akaandika kwenye daftari. Asubuhi ile alinikabidhi kobe mikononi, akasema, "Shika huyu," kisha akaitwa kwenda kumtazama punda. Punda wale walikuwa wagomvi. Aliporudi adhuhuri alinikuta nimesimama palepale.

"Bado umemshika?"

"Hukuniambia nimweke, Bwana."

"Na hiyo kaptula?"

Nikaitazama. Kobe alikuwa amenikojolea tangu saa mbili na dakika moja.

Bwana Lipande alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanifundisha somo la kwanza, nami nawapa nyinyi vilevile: kobe hanyanyuliwi ghafla. Anatunza maji tumboni kama nyumba inayotunza mtungi wa akiba. Ukimshtua anayamwaga yote, na kama ni mgonjwa umemwongezea ugonjwa. Kaa kwanza mbele yake, akuone, umshike kwa mikono miwili polepole. "Lakini wewe utafaa," akaniambia. "Mtu wa kusimama kwa saa nne bila kuuliza, nilikuwa namtafuta siku nyingi." Mfagizi mwingine akatafutwa.

Vyombo vyetu havikuwa vingi. Karai la kumwogeshea kobe kwa maji ya uvuguvugu yanayomfika kidevuni. Maji hayo yalipimwa kwa kiwiko, siyo kwa vidole, kwa sababu vidole vya mtu wa kazi havisikii moto. Sanduku la mbao la majani ya chai, lenye kandili pembeni nyuma ya wavu, kwa kobe mwenye baridi kifuani. Unyoya wa kuku wa kupakia dawa ya macho. Asali na maji ya chumvi yaliyochemshwa kwa gamba lililopasuka. Na ule mfupa mweupe wa ngisi unaookotwa ufukweni, tulioukwangua juu ya majani kwa kobe wenye gamba laini. Wagonjwa wetu wengi hawakuhitaji zaidi ya hayo. Walikuwa wamelishwa wali na mkate kwa mapenzi, macho yakavimba yakafumba. Tuliwapa papai na majani ya maboga, na baada ya wiki tatu macho yalifumbuka. Wenyewe walituambia ni miujiza. Bwana Lipande hakuwabishia, aliwaambia tu miujiza hiyo inapatikana sokoni kila siku.

Juu ya vyombo vyote hivyo kulikuwa na utaratibu wake mmoja ambao aliurudia kwangu mpaka nikauota. Kobe akiletwa, kabla ya dawa, kabla ya karai, "mfungue, umfuate, uone anakwenda wapi. Halafu ndiyo uje uniambie anaumwa nini." Tulikuwa na uwanja nyuma ya ofisi. Nilimwachia mgonjwa, nikatembea nyuma yake hatua kwa hatua, wakati mwingine nusu siku. Anayekwenda juani ana baridi. Anayekwenda kivulini na kujibana ukutani ana maumivu. Anayezunguka kushoto tu, mtazame jicho la kulia. Nilichora njia zake kwa penseli kwenye daftari, kwa maana kuchora kulinijia haraka kuliko kuandika. Kwa mtu mwenye haya ilikuwa kazi ya peponi. Mgonjwa hasemi, na mganga hatakiwi kusema.

Kesi yangu ya kwanza peke yangu ilikuja wiki ile ya Uhuru. Muuza duka mmoja wa Mtanda, kwa furaha, alimpaka kobe wake rangi ya mafuta mgongo mzima: kijani, nyeusi na manjano, kama bendera. Watoto walimtembeza mtaa kwa mtaa wakimwimbia. Siku ya tano kobe akaacha kula. Watu hudhani gamba ni kama bati la nyumba, kumbe linasikia kama ukucha unavyosikia. Nilikaa siku tisa nikilikwangua kwa kijiti cha mwanzi na mafuta ya nazi, polepole, kipande kwa kipande. Muuza duka alikuja kila asubuhi kunitania.

"Wewe kijana, kila siku unaufuta Uhuru wetu. Umetumwa na nani?"

Nilitaka kumjibu kitu kizuri. Jibu lilinijia baada ya miezi miwili, nikalihifadhi. Kobe alipona, isipokuwa kipande kimoja kidogo karibu na mkia kilibaki kijani, na mpaka mwisho wa maisha yake aliitwa Bendera.

Miaka ikaenda hivyo. Bwana Lipande alistaafu akarudi kwao Nachingwea, akaniachia utepe, daftari na karai. Nikawa dresa. Ile haya yangu haikuniacha. Kwenye mikutano ya ofisi nilikaa nyuma ya mtu mnene, na ofisini kwetu alikuwepo mmoja tu, kwa hiyo niliwahi mapema.

Sasa naja kwenye kesi ambayo nilikosea, nayo ndiyo nataka muisome vizuri.

Ulikuwa wakati wa kuhamia vijijini. Familia zilizokuwa zimetawanyika kwenye mikorosho yao, mmoja huku mwingine kule, ziliambiwa zikae pamoja kando ya barabara, shule na zahanati zije. Asubuhi moja akaja ofisini msichana wa miaka kama ishirini, amejifunga kanga mbili, ana vumbi la safari hadi kwenye kope.

"Shikamoo. Wewe ndiye daktari wa kobe?"

"Marahaba. Mimi si daktari. Ni dresa."

"Basi dresa, bibi yangu ana kobe, ana siku kumi na mbili hajala. Anaitwa Shangazi."

"Bibi?"

"Kobe! Bibi anaitwa Bi Somoe. Na amesema Shangazi akifa kijijini, yeye anafunga mkeka wake anarudi mahame, mahali tulipohama, akalale kando ya jivu la jiko lake. Na bibi yangu akisema, amesema. Pale hakuna mtu tena. Hakuna hata wa kumchotea maji. Ataishi siku ngapi?"

Jina lake lilikuwa Hadija. Alinisimulia kwamba Bi Somoe alipoolewa, akiwa msichana, shangazi yake alimpa kobe huyo aingie naye nyumba ya mume, ndiyo asili ya jina. Mume alishakufa, watoto wametawanyika, shangazi mwenyewe ni marehemu siku nyingi. Kobe ndiye aliyebaki kati ya watu wa harusi ile.

Tulipanda lori la mbegu, tukavuka mto Mbwemkuru, tukapita Kiranjeranje, tukafika kijiji chao alasiri. Sikitaji jina kijiji hicho, kwa sababu ambayo mtaielewa. Dereva akasema, "Kesho saa moja asubuhi napita hapa. Nikipiga honi na hujatoka, mimi nimeondoka."

Kijiji kilikuwa kipya na kisafi kuliko sahani. Kamati ya usafi ilikuwa kali. Nyua zote zilifagiliwa, jani moja halikuonekana, na ardhi ilikuwa imeshindiliwa kwa michi na kumwagiwa maji mpaka ikawa ngumu kama sakafu. Ua wa Bi Somoe ulikuwa wa kwanza kwa usafi na alikuwa amesifiwa mkutanoni. Mwenyewe, mwanamke mwembamba, mrefu, alikaa kibarazani na kobe mbele yake. Kobe alikuwa mkubwa, ametobolewa gamba kwa nyuma na kufungwa kamba ya katani kwenye nguzo.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo wewe? Nilidhani wataniletea mtu mzima."

"Kwa nini amefungwa?"

"Anatoroka. Tangu tuhamie. Kule hakuwahi kufungwa hata siku moja."

Hapo, vijana, ndipo nilipaswa kumfungua na kumfuata. Lakini nilipoinua macho, kijiji kizima kilikuwa kimekuja kumtazama mtu aliyetoka Lindi kwa ajili ya kobe. Watu walikuwa juu ya magogo, watoto juu ya mabega. Kutembea nyuma ya kobe mbele ya macho yale, hatua kwa hatua, sikuweza. Nikaona haya. Nikaomba karai. Nikamwogesha, nikampa maji ya papai, nikasema ni kufunga choo, kwamba asubuhi tutaona nafuu. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Sijui niliitoa wapi.

Asubuhi Shangazi alikuwa anaburuta miguu ya nyuma.

Bi Somoe hakunilaumu. Alikuwa ameshatandua mkeka wake, anaukunja. Hadija alisimama mlangoni amenikazia macho. Barabarani lori likapiga honi, mara ya kwanza, mara ya pili. Nilibaki nimechuchumaa. Likapiga mara ya tatu, ndefu, kisha nikasikia likibadilisha gia na kwenda zake.

"Lori limekuacha," Hadija akasema.

"Nimesikia."

Nikakata kamba. Shangazi akakaa kidogo, akanyoosha shingo, akaondoka. Nami nikamfuata.

Kicheko kilianza nyumba ya tatu. "Njooni muone, daktari anachungwa na kobe!" Mwingine akaita, "Dresa, mpishe, ana haraka!" Masikio yaliniwaka moto. Lakini kadiri nilivyomtazama yeye ndivyo nilivyowasahau wao. Alikwenda nyuma ya jiko, akageuka, akakwangua ardhi kwa miguu ya nyuma, mara tatu, nne, akaacha. Akaenda kwenye kinu, akakwangua, akaacha. Penye mfereji, hivyohivyo. Kisha akashika njia moja kwa moja upande wa magharibi mpaka kwenye ua wa miti wa mwisho wa kijiji, akaweka kichwa kwenye ufa na kusukuma.

"Huko ni wapi?" nikauliza.

"Mahame," akasema Hadija. "Nyumbani."

Nikapiga magoti, nikaingiza kidole taratibu mbele ya mguu wa nyuma, pale penye ngozi laini. Ndani kulikuwa na vitu vya mviringo, vigumu, kama ndimu changa ndani ya mfuko.

Nikarudi kwa Bi Somoe. "Ana mayai," nikamwambia. "Hana pa kuchimba. Ua wote umeshindiliwa. Ameyazuia, na yakikaa ndani yatamuua."

"Mayai? Huyu? Huyu aliniona nikiolewa!"

"Mimi pia nilidhani umri wake umepita. Ndiyo maana sikutazama."

Bi Somoe akamtazama kobe. "Basi amenishinda," akasema, na kwa mara ya kwanza akacheka. Kisha akakumbuka kwamba kule, nyuma ya jiko lake, karibu na jalala, karibu kila mwaka aliokota vitoto vya kobe akawagawia watoto wa jirani. Alidhani vinatoka porini.

Nilichukua jembe nikatifua nyuma ya jiko. Yalitoka mabonge mekundu yenye changarawe. Shangazi akanusa, akageuka. Vijana wakaleta mchanga wa mtoni. Ulikuwa mkavu, kila akichimba shimo linabomoka. Alihitaji udongo laini unaoshika umbo, na aliujua mmoja tu. Bi Somoe akasema, "Mpakieni kwenye kapu, tunakwenda." Hapo ndipo mwenyekiti wa kijiji, Bwana Mpili, alipoingilia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye agizo.

"Bi Somoe, mama yangu, hakuna kurudi mahame. Leo wewe na kobe, kesho fulani na mbuzi, keshokutwa nimebaki hapa peke yangu na bendera. Ngoja tuitishe mkutano."

Mkutano ulikaa alasiri. Watu walisema mengi. Wengine walisema kobe ni kobe, wengine walisema kobe wa Bi Somoe si kobe wa hivihivi. Kisha Bwana Mpili akasema, "Tumsikie ndugu daktari."

"Ni dresa," nikasema, nimekaa.

"Ndugu dresa. Simama tukuone."

Hapakuwa na mtu mnene mbele yangu. Nikasimama. Nilijua kwamba inatakiwa kuanza na "Ndugu wananchi" lakini yote yalinitoka. Nikamwona Bi Somoe amekaa na mkeka wake uliokunjwa magotini, na Hadija nyuma yake.

"Udongo," nikasema.

Watu wakangoja. Nami nikangoja. Mwisho nikapata mengine.

"Kama yeye haruhusiwi kwenda kwenye udongo, basi udongo uje."

Bwana Mpili akainamisha kichwa akifikiri. Akachukua karatasi ya agizo mfukoni, akaisoma kimya, akaigeuza hata nyuma ambako hakukuwa na kitu. "Agizo linasema watu wasirudi kukaa," akasema polepole. "Juu ya udongo halisemi kitu. Watu wangapi watatosha?"

"Wawili," nikasema. "Na makapu."

"Nani atajitolea?"

Mikono yote ikanyanyuka. Mzee mmoja asiyeweza kubeba hata kikombe alinyanyua miwili. Bwana Mpili akatazama umati ule, na nikaona akipima shida yake. Tangu kijiji kianze alikuwa akihubiri kazi ya kujitolea bila kupata watu kumi. Leo amewapata wote, atawakataza vipi?

"Mnajitolea kubeba udongo," akasema.

"Udongo, mwenyekiti!"

"Udongo tu."

"Udongo tu!"

Walitoka alfajiri, naye Bwana Mpili akiongoza ili kuangalia. Mimi nilibaki na Shangazi, nikimwogesha kila baada ya muda na kumsugulia miguu ya nyuma, na Bi Somoe akinipasha maji. Saa nane mchana tukasikia nyimbo. Msafara ulikuja kwa mstari mmoja, na kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa mlango. Mlango mzima wa mbao, wenye nakshi, juu ya vichwa vya vijana wanne. Nyuma yake vinu. Jiwe la kusagia. Mbegu za muhogo, mitungi, kabati la vyombo, na jogoo aliyekuwa amebaki kule tangu kuhama, sasa akiwika kikapuni mikononi mwa mwenyewe.

Nikawakimbilia. "Udongo uko wapi?"

"Huu hapa," wakasema wa mlango, wakauinamisha. Juu yake walikuwa wametandaza udongo, kama mtu anavyoanika mpunga. Kila kinu kilikuwa na udongo ndani. Kabati lilikuwa na udongo kwenye kila rafu. Hata jogoo alikuwa ndani ya kikapu chenye udongo.

"Vyote hivi," mwenye kabati akanieleza bila kutabasamu, "ni vyombo vya kubebea."

Bwana Mpili akaingia wa mwisho. Yeye na kaka yake walikuwa wamebeba kitanda cha marehemu baba yao. Katikati ya kamba za kitanda kulikuwa na kikapu kidogo cha udongo. Hakunitazama usoni.

Tuliumwaga wote nyuma ya jiko la Bi Somoe, ukafika magotini. Nikaunyunyizia maji. Nikamweka Shangazi pembeni, nikawaomba watu waondoke. Hakuna aliyesogea. Nikawaomba tena. Mara ya tatu nikasema kwa sauti ambayo mimi mwenyewe ilinishtua, "Ndugu wananchi, tokeni!" Wakatoka. Bi Somoe peke yake alibaki, naye akageuka akampa mgongo. "Si adabu kumtazama mwenzio," akasema.

Shangazi alinusa udongo ule. Akauzunguka mara mbili. Nilikaa nimeshika karai tupu, sithubutu hata kuliweka chini. Kisha akapanda, akageuka, miguu ya nyuma ikaanza kuchimba, mguu huu na huu, polepole, na shimo halikubomoka. Kabla ya adhana ya magharibi alikuwa ametaga mayai tisa na kuyafukia, akayakanyagia vizuri kwa tumbo lake. Kisha akaja moja kwa moja kwenye majani ya maboga niliyokuwa nimemwekea tangu jana, akang'ata.

Bi Somoe aligeuka aliposikia sauti ya kutafuna. Aliingia ndani akatandika mkeka, na mlango ule wa nakshi, ambao kumbe ulikuwa wake, ukapachikwa kesho yake kwenye nyumba mpya. Kamati ya usafi iliandika kwamba kila ua ufagiliwe na kushindiliwa, isipokuwa kichuguu cha kobe.

Mayai ya kobe hayana haraka. Hukaa miezi na miezi. Hayahitaji kuguswa wala kutazamwa. Hata hivyo niliona ni wajibu wangu kwenda kuyakagua kila lori la mbegu lilipopita. Nilikaa kibarazani, Hadija akaleta chai, nikatazama kichuguu, nikatazama vidole vyangu vya miguu, nikarudi Lindi. Safari ya nne Bi Somoe alinikatiza nikiwa na kikombe mdomoni.

"Mwanangu, mayai yako salama. Sema ulichokuja kusema, mimi mtu mzima, siwezi kungoja kama kobe."

Nilisema. Hadija husema kwamba nilitumia maneno matatu na mawili kati yake hayakusikika, lakini alishakubali kabla.

Vitoto vilitoka baada ya mvua, vitano kati ya tisa. Siku Hadija alipoondoka kuja Lindi, Bi Somoe alimwekea kimoja kwenye kikapu, kama shangazi yake alivyomwekea yeye. Tulimwita Udongo. Hajatobolewa gamba, hajafungwa kamba, na hajawahi kulishwa mkate ingawa wajukuu wamejaribu.

Hayo ndiyo niliyotaka kuwaachia, pamoja na daftari la Bwana Lipande ambalo nimelifunga kwa utepe wake. Liko kwenye kabati la chini. Ukurasa wa kwanza ameandika "mfungue, umfuate," na mimi nimeongeza chini yake kwa mwandiko wangu, "hata kama watu wanatazama." Tangu nistaafu, kila asubuhi baada ya chai namfuata Udongo uani. Majirani wa Mtanda wanacheka wakipita. Leo amekwenda mpaka kwenye mpapai, amekaa, na mimi nimekaa. Hakuna lori linalonipigia honi.